Mtu anayekimbia maisha hawezi kudumu monasterini: uzi mrefu kuhusu wamonaki na watu wanaojitenga

Mtu wa Kusini (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu. Majuzi humu kulikuwa na mjadala kuhusu vijana wanaoingia monasteri na karibu kila mchangiaji alikuwa na jibu lile lile, ooh wameshindwa maisha, ooh wameachwa na wachumba, wengine wameona ugali wa bure na kitanda cha bure. Sikuchangia maana pale palishakuwa vurugu tupu, lakini nimeshindwa kunyamaza kwa sababu mdogo wangu wa tumbo moja ni mmonaki, Mbenediktini (yaani wa shirika linalofuata Kanuni ya Mtakatifu Benedikto) mwenye nadhiri za daima, na mimi mwenyewe nimekulia kusini ambako kengele ya monasteri ndio ilikuwa saa ya kijiji kizima. Kwa hiyo leo naandika kirefu, mwenye muda avute kiti.

Ninachotaka kusema ni kimoja tu. Mtu anayekimbia maisha, monasteri ndio sehemu mbaya kuliko zote ya kukimbilia. Mjini ukigombana na mwenye nyumba unahama, ukigombana na bosi unaacha kazi, mawazo yakizidi unawasha simu. Kule hayo yote huna. Unabaki wewe na Mungu wako na watu wale wale ambao hukuwachagua, mpaka siku ya kuzikwa, na makaburi yenyewe yapo hapo hapo eneo la monasteri.

Tuanze na mzee Antoni wa Misri maana ndiye anayeitwa baba wa wamonaki. Huyu hakuwa mtu aliyeshindwa maisha. Wazazi walikufa wakamwachia shamba zuri la kama ekari 200 na mdogo wake wa kike wa kumlea, siku moja akaingia kanisani akakuta linasomwa lile neno la Yesu kwa kijana tajiri, uza ulivyo navyo uwape maskini, akalichukua kama limetamkwa kwake. Akagawa mashamba, dada akamkabidhi kwa mabikira waaminifu, yeye akaanza kukaa pembeni ya kijiji, baadaye makaburini, mwisho akaenda kujifungia kwenye ngome iliyoachwa jangwani karibu miaka 20. Mikate alikuwa analetewa mara mbili tu kwa mwaka, inapitishwa juu ya paa, na waliomletea walikuwa hawamwoni uso. Askofu Atanasi aliyeandika maisha yake anasema watu walipochoka kusubiri wakavunja mlango walitegemea kukuta mifupa au kichaa, akatoka mtu mzima mwenye akili zake, hajanenepa kwa kukosa mazoezi wala hajakonda kwa njaa, hakushtuka kuona kundi la watu wala hakufurahia kushangiliwa.

Sasa angalia alichofanya baada ya hapo. Mwaka 311 Wakristo wanakamatwa na kuuawa, Antoni akashuka Aleksandria kuwahudumia waliokuwa magerezani na kwenye migodi, akawa anasimama mahakamani hadharani wakati hata wenzake walikuwa wamejificha. Mkimbizi gani huyo anayetoka mafichoni siku ambayo mji unawaka moto?

Na huko jangwani vita kubwa ya wamonaki haikuwa njaa wala simba. Kuna mmoja anaitwa Evagri, alifariki mwaka 399, alikuwa msomi mkubwa Konstantinopoli kabla ya kwenda jangwani. Huyu ameeleza shetani wa mchana, na nikisoma naona kama kaandika jana usiku. Anasema mmonaki amekaa chumbani kwake, jua limegoma kutembea, siku inaonekana ina masaa hamsini. Anachungulia dirishani, anatoka nje kuangalia jua, saa tisa bado? (saa zao zilikuwa kama zetu, zinahesabiwa toka jua linapochomoza, na saa tisa ndio ilikuwa muda wa kula). Anaangalia huku na huku labda kuna ndugu anakuja kumtembelea. Halafu anaanza kupachukia mahali penyewe, anaona upendo umeisha kati ya wenzake, anawakumbuka ndugu zake na maisha ya zamani, anaanza kupanga kuhamia sehemu nyingine ambako kazi ni rahisi na mambo yatanyooka. Yaani ile hali yetu ya kushika simu na kuiweka na kuishika tena bila kujua unatafuta nini, wenzetu waliichunguza miaka 1600 iliyopita. Na dawa yao ilikuwa ngumu na rahisi kwa pamoja, usitoke, kaa hapo hapo, fanya kidogo ulichopangiwa, itapita.

Naendelea chini, msinikate.

Mtu wa Kusini

Sio wote walikaa peke yao. Pakomi naye ni wa Misri, alikamatwa kijana akaingizwa jeshini kwa nguvu, wakafungiwa mahali pale Thebesi na watu wa mji wakawa wanakuja na chakula kuwalisha hao askari wasiowajua. Akauliza hawa ni kina nani, akaambiwa ni Wakristo. Ndicho kilichomgeuza. Kwenye miaka ya 320 akaanzisha Tabennisi, nyumba ya watu wengi wanaoishi pamoja, kazi pamoja, meza pamoja. Hapo ndipo mambo yalipobadilika kabisa, kwa sababu mtu wa peke yake anaweza kujidanganya kuwa ni mpole, mpe jirani anayekoroma na mwingine anayeimba nje ya sauti kila asubuhi ndio utajua upole wake.

Halafu Benedikto wa Nursia Italia, karne ya sita. Na yeye alianza pangoni Subiaco miaka mitatu, mwisho akajenga Monte Cassino kwenye mwaka 529. Papa Gregori anasimulia kuwa wamonaki wa kwanza waliomwomba awe abate wao, yaani mkuu wa monasteri, walimwona mkali mno wakamtilia sumu kwenye divai, kwa hiyo asije mtu hapa akadhani watu wa monasteri ni malaika, toka mwanzo ni binadamu. Ile Kanuni yake, yaani sheria aliyowaandikia wamonaki, ina sura 73 na ukiisoma huwezi kukuta mambo makubwa ya ajabu, ni nani anapika wiki hii, nani kachelewa mezani, mkate kama ratili moja kwa siku, vyakula vya kupikwa aina mbili ili asiyeweza kula hiki ale kile. Zamu ya jikoni ni ya wote. Mtunza stoo anaambiwa vyombo na mali zote za monasteri aviangalie kama vyombo vya altareni, maana yake jembe na sufuria viheshimiwe kama kikombe cha misa. Likija jambo zito abate awaite wote wakae waseme, hata wadogo, kwa sababu mara nyingi Mungu humfunulia aliye mdogo lililo bora. Sisi kwenye vikao vya ukoo tunamnyima kijana hata nafasi ya kusalimia.

Na kuhusu hili la kukimbilia ugali wa bure, msome sura ya 58. Mtu akija kuomba kuingia asipokelewe kirahisi. Abishe hodi siku nne tano, avumilie kukataliwa. Akiingia asomewe Kanuni yote baada ya miezi miwili, aambiwe hii ndio sheria unayotaka kuishi chini yake, ukiweza ingia, huwezi nenda zako una uhuru. Baada ya miezi sita asomewe tena. Baada ya minne tena. Kuna kitu kidogo pale ambacho mimi kinanigusa kuliko vyote, siku anapoweka nadhiri anavuliwa nguo zake alizokuja nazo anavikwa za monasteri, lakini zile za kwake hazitupwi, zinatunzwa stoo ili siku akiamua kuondoka avalishwe nguo zake aende. Mlango haujapigwa kufuli kwa nje wakuu. Anayekaa anakaa kwa kutaka, kila siku upya, na nguo zake anajua zilipo.

Mkulima Mbozi

Mkuu umeshusha nondo lakini swali langu halijajibiwa. Hospitali hazina watu, vijijini hakuna walimu, kijana wa miaka 25 mwenye nguvu anakaa ndani anaimba zaburi. Jamii inapata nini? Halafu hawa si walikuja na Wajerumani?

Mtu wa Kusini

Mkuu Mbozi maswali yako yote mawili ni ya haki na nianze na la pili kwa sababu huwa linafichwa fichwa.

Ndio, Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilia walikuja wakati wa Mjerumani. Lile shirika lilianzishwa Ujerumani mwaka 1884, na mwanzoni mwa 1888 walishafika Pugu, hapo hapo karibu na Dar. Januari 1889 vita ya Abushiri ikawakuta, misheni ikashambuliwa, baadhi wakauawa na wengine wakatekwa. Peramiho ilianzishwa 1898 na Padri Cassian Spiss, akawa askofu, na Agosti 1905 akauawa njiani upande wa Liwale na mabruda wawili na masista wawili, Maji Maji imeanza. Peramiho ikachomwa. Nyangao na Lukuledi zikaharibiwa. Wazee wetu waliopigana hawakuwa na njia ya kumtenganisha mzungu wa kanzu na mzungu wa bunduki, na kwa jinsi walivyokuwa wanatendewa siwezi kuwalaumu, wala siwezi kuacha kuwasikitikia wale masista. Yote mawili nayabeba kwa sababu yote ni ya kwetu.

Ila kilichofuata ndio kinajibu swali lako la kwanza. Walirudi. Ndanda ilianzishwa 1906, yaani moshi wa vita haujaisha vizuri, pale chini ya uwanda wa Makonde ambapo maji yanatoka mlimani mwaka mzima. Nenda leo uone, hospitali ya Ndanda watu wanatoka mbali wanaifuata, Peramiho hivyo hivyo, shule za ufundi, karakana, kiwanda cha kuchapa vitabu. Masista wa Chipole huko Ruvuma, Wabenediktini wazawa kabisa, wana mtambo wa umeme wa maji Tulila kwenye mto Ruvuma, megawati 5, wanaiuzia TANESCO. Masista wanaoamka usiku kusali ndio hao wanaowasha taa Songea.

Na hivi vitu havikujengwa pembeni ya sala, vimejengwa na sala. Kanuni inasema uvivu ni adui wa roho, kwa hiyo siku imekatwa katwa, masaa ya kusali, masaa ya kazi za mikono, masaa ya kusoma. Mtu ambaye amekubali kufia sehemu moja anapanda mti ambao hatakula matunda yake. Mtaalamu wa mradi wa miaka mitatu anapanda nini? Nimeona mimi hawa wazee wa monasteri, bruda fundi amekaa karakana ile ile miaka na miaka, vijana wa kijiji wamepita mikononi mwake wakawa mafundi, watoto wao nao wakapita.

Mwambao

Assalaam aleikum. Naomba nichangie kwa upande wetu maana naona mada ni pana. Sisi kwenye Uislamu utawa wa namna hiyo haupo, Qurani sura ya 57 aya ya 27 inasema ule utawa waliuzua wenyewe, hawakuandikiwa isipokuwa kutafuta radhi za Mungu, kisha hawakuuchunga inavyotakiwa kuchungwa. Na kuna hadithi kuwa muumini anayechanganyika na watu na kuvumilia maudhi yao ana malipo makubwa kuliko asiyechanganyika nao. Lakini kujitenga kwa muda kupo tena sana. Mtume (s.a.w.) wahyi ulimkuta pango la Hira alikokuwa akijitenga. Kila Ramadhani kumi la mwisho watu wanakaa itikafu, nenda misikiti ya Unguja, Mombasa, Lamu, mtu ana duka, ana watoto, anabeba mkeka na msahafu anahamia msikitini, hatoki ila kwa haja. Na Imamu Ghazali aliacha kiti cha ualimu Baghdad mwaka 1095, mwanachuoni mkubwa wa zama zake, ulimi ulikuwa umefunga kabisa akawa hawezi hata kufundisha, akaenda Damascus akawa anapanda mnara wa msikiti anajifungia mlango kutwa nzima. Akakaa nje ya kufundisha miaka kama kumi na moja kisha akarudi darasani. Nadhani hapo ndio tofauti yetu, kwetu unakwenda ili urudi.

Mtu wa Kusini

Waaleikum salaam ndugu yangu Mwambao, nakushukuru kwa mchango wa heshima. Ile aya inaumiza kidogo kuisoma mtu wa upande wangu, na inaumiza kwa sababu sehemu ya mwisho ni kweli, zimekuwepo monasteri nyingi ambazo hazikuuchunga, zikawa na mashamba makubwa na watumishi na uvivu, na wamonaki wenyewe ndio walikuwa wa kwanza kulalamika. Watrapisti, wamonaki wanaoifuata Kanuni ya Benedikto kwa ukali zaidi, walitokana na malalamiko hayo hayo.

Hiyo hadithi ya kuvumilia maudhi ya watu mimi ningeibandika kwenye geti la kila monasteri, maana ndio hasa wanachofanya kule ndani. Kwetu pia wapo wa peke yao kabisa. Wakartusi, shirika la wamonaki wa kimya, toka mwaka 1084 kule milima ya Ufaransa kila mmoja na kijumba chake na kibustani chake, chakula kinapitishwa kwenye kidirisha ukutani, mara moja kwa wiki wanatoka kutembea pamoja na hapo ndio wanaongea. Ethiopia kuna Debre Damo, toka karne ya sita, ipo juu ya mlima uliokatika wima na mpaka leo unapanda kwa kamba, mmonaki kasimama juu anakuvuta. Lakini hao ni wachache, wengi wanaishi na ndugu.

Kwenye hilo la kwenda ili urudi nakubali tunatofautiana, ila nikupe kisa cha Algeria uone kukaa bila kurudi kunafika wapi. Tibhirine, karibu na Médéa, Watrapisti wachache wa Kifaransa katikati ya kijiji cha Waislamu. Mmoja wao, Bruda Luc, alikuwa daktari, alitibu wanakijiji karibu nusu karne. Miaka ya tisini vita ya ndani ikawaka, mkesha wa Noeli 1993 wenye silaha wakaingia monasterini. Serikali inawaambia ondokeni, ubalozi unawaambia ondokeni. Wakakaa wakajadiliana, wengine wakiwa na hofu ya wazi kabisa, wakaamua kubaki, kwa sababu majirani zao hawakuwa na pa kwenda, na jirani hamkimbii mwenzake. Usiku wa kuamkia tarehe 27 Machi 1996 wakachukuliwa saba, mwezi Mei ikatangazwa wameuawa, na nani hasa aliwaua mpaka leo watu wanabishana. Mwaka 2018 walitangazwa wenyeheri pale Oran, Algeria kwenyewe. Kabla ya hapo mkuu wao, Padri Christian, alikuwa ameacha barua ya kumsamehe mapema mtu atakayemuua, na kuomba kifo chake kisije kutumika kuusingizia Uislamu.

Wangeweza kuondoka wakasali Ufaransa, zaburi ni zile zile. Hawakuondoka.

Shangazi Kibaha

Mwanangu umeongea vizuri na nimekusoma mpaka mwisho. Ila nyie mnaongea vitabu, mimi nina mpwa wangu kamaliza chuo mwaka jana, anasema anataka kwenda kwa hao wamonaki. Mama yake halali. Ni mtoto wa kiume pekee. Anasema ukoo wa mume wake unaishia hapo. Nimwambie nini wifi yangu?

Mtu wa Kusini

Shikamoo shangazi. Hili ndilo swali lenyewe, yale mengine yote ni ya watu ambao haijawafika nyumbani.

Kwetu pia ilikuwa msiba. Mama alisema huyu nimemzaa nimemsomesha na sasa ananifia akiwa mzima. Baba hakusema kitu, alikuwa anatoka tu kwenda shambani hata siku ambazo hakuna kazi. Kwa Mwafrika kutozaa sio jambo la mtu binafsi, ni jina la babu linakatika, na mapadri wanaoligusa hili juu juu kwa mistari miwili ya Biblia wanatukosea. Ni sadaka kweli, na sehemu ya sadaka hiyo inatolewa na mama ambaye hakuulizwa. Wifi yako ana haki ya kulia na mtu asimwambie hana imani.

Kilichombadilisha mama sio maneno, ni siku ya nadhiri. Yule kijana alilala kifudifudi sakafuni mbele ya altare wakati litania ya watakatifu inaimbwa, akainuka akasoma nadhiri zake alizoziandika kwa mkono wake mwenyewe, akaisaini ile karatasi juu ya altare, halafu akafungua mikono akaimba, unipokee Bwana kama ulivyoahidi nami nitaishi, usiniache niaibike katika tumaini langu. Anaimba mara tatu, na kila mara wamonaki wote wanamrudishia maneno hayo hayo. Mara ya tatu mama alikuwa anaimba na wao. Baadaye wazee wa monasteri wakaja kumsalimia mmoja mmoja wakimwita mama, na sio kwa kujipendekeza, mpaka leo akiugua wanapiga simu, na msiba wa baba walikuja na gari limejaa, wakachimba, wakaimba usiku kucha. Hajapata wajukuu kwa mtoto huyo na bado linamuuma, nisikudanganye, lakini neno la kwamba amemfia halisemi tena.

Kwa mpwa wako sasa, mwambieni mambo haya. Kwanza asiende na begi, aende kama mgeni. Monasteri karibu zote zina nyumba ya wageni, Kanuni inaagiza mgeni apokelewe kama Kristo mwenyewe, na getini akae mzee mwenye busara ambaye mtu akibisha anaitikia Deo gratias, tumshukuru Mungu. Akae siku kadhaa, aamke nao alfajiri, ashike jembe, aone kama kile kimya kinamlisha au kinamtafuna. Akiandikiana na mlezi wa miito ataulizwa maswali magumu, ana madeni? ana mtoto mahali? kuna mtu anamtegemea? na akidanganya hapo atajidanganya mwenyewe. Kuna wanaokwenda kwa sababu ajira hakuna, wapo, tusijifiche, na wengi wao wanarudi nyumbani kabla ya nadhiri kwa sababu miaka ya unovisi (kipindi cha majaribio) na ile ya nadhiri za muda inamchuja mtu vizuri sana. Akirudi mpokeeni bila kumcheka, hajashindwa kitu.

Na wifi aende naye siku ya kwanza. Asibaki nyumbani na picha za kichwani, aone wanapolala, aone wanachokula, aongee na hao wazee aliowaogopa. Kama ni upande wa kusini ndio mnaenda niandikie inbox shangazi, mdogo wangu atawapokea stendi mwenyewe.